Unakwenda kwa bingwa wa mzio na pumu? Jiandae hivi kabla hujapanda basi kutoka Tanga

Ukikaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Ngamiani, Tanga, maneno ni yaleyale wiki nenda wiki rudi. "Nina aleji, nipe dawa." "Mwanangu ana pumu, hakuna sindano ya kuimaliza?" "Nasikia Dar kuna kipimo kinataja vitu vyote usivyopatana navyo, bei gani?" Nimejibu kwa mdomo mpaka sauti inakauka, na mtu akivuka barabara tu nusu ameshaisahau. Basi nimeyaandika.

Nianze na msimamo wangu. Bingwa si mpiga ramli. Sehemu kubwa ya jibu lake inatoka kwenye maelezo yako, kipimo kinakuja baadaye kuthibitisha au kukanusha. Anayefika mikono mitupu hurudi na dawa zilezile tulizokuwa tukimpa hapa dukani, na nauli imekwenda. Kwa hiyo kazi kubwa ya safari hii unaifanya nyumbani kwako, kabla ya kumwona daktari.

Kwanza kabisa: wasiotakiwa kusubiri bingwa

Acha kusoma, nenda chumba cha dharura kilicho karibu, iwe Hospitali ya Bombo au kituo cha afya cha mtaani kwako, ukiona haya:

- Mgonjwa wa pumu hawezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, mbavu zinavutwa ndani, midomo imekuwa ya kijivu au bluu, au inhela ya kufungua kifua haimpi nafuu au nafuu yake haidumu.
- Baada ya kula, kuumwa na nyuki au kudungwa sindano, mtu amevimba midomo au ulimi, sauti imekauka ghafla, anatapika, anaona kizunguzungu au anazimia, hata kama vipele ni vichache.

Huyu wa pili dawa yake ni adrenalini, inadungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Vidonge vya aleji havichukui nafasi yake, wala maziwa, wala maji ya ndimu. Mlaze na miguu iwe juu kidogo, akibanwa kifua mwache akae, na usimsimamishe wala kumtembeza. Wa pumu, njiani mpe inhela ya salbutamol mipulizo 4 hadi 10 kupitia chemba (chombo kinachochomekwa kwenye inhela, dawa ipite humo kabla ya kuvutwa) au chupa niliyoieleza hatua ya 10, mpulizo mmoja mmoja, na urudie baada ya dakika 20 kama hamjafika.

Bingwa yupi hasa?

Madaktari waliosomea mzio na kinga peke yake ni wachache mno Tanzania, na wengi wenu hamtamhitaji huyo kwa kuanzia. Dalili yako ndiyo inayochagua mlango. Kifua kinachobana na kutoa mluzi ni cha bingwa wa magonjwa ya ndani au wa kifua. Mtoto anaonwa na bingwa wa watoto, chochote kinachomsumbua. Chafya za alfajiri, pua kuziba na macho kuwasha ni za daktari wa masikio, pua na koo. Pumu ya ngozi na mabaka yanayowasha ni za daktari wa ngozi. Hospitali ya KCMC kule Moshi ina kituo cha kufundisha magonjwa ya ngozi tangu 1992, na kutoka Tanga Moshi si mbali kuliko Dar.

Wanaochanganya pua, kifua na ngozi kwa pamoja, au waliowahi kuzimia kwa chakula, hao ndio wa kuomba rufaa ya juu zaidi, Muhimbili au hospitali nyingine kubwa. Lakini anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo. Na kambi za madaktari bingwa zikitangazwa wilayani, Muheza, Pangani au Mkinga, sikiliza wanaokuja ni mabingwa wa nini. Wa watoto na wa magonjwa ya ndani huwamo mara nyingi.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo la shule na kalamu. Anza kuandika walau wiki 2 kabla, zikifika 4 bora zaidi.
- Mfuko wa dawa ZOTE unazotumia, na maboksi yake. Za presha, za maumivu, mitishamba, mafuta ya kupaka, mkorogo. Usione haya.
- Picha na video kwenye simu.
- Majibu ya zamani: picha ya kifua, makohozi, damu, kadi ya kliniki ya mtoto.
- Barua ya rufaa, kadi ya bima, kitambulisho cha NIDA.
- Inhela yako na chemba yake, hata kama imekwisha.

Hizo picha nizisemee kidogo, watu hawaziamini. Mabaka ya mzio yanayovimba na kuwasha kila moja hupotea ndani ya saa 24, mara nyingi ndani ya saa chache tu. Unaamka umevimba kama umechapwa, ukifika kwa daktari ngozi nyororo. Piga picha palepale, mchana, karibu na dirisha, weka sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Mtoto anayebanwa usiku mrekodi sekunde 30 akiwa kifua wazi, sauti ikisikika. Video hiyo ina thamani kuliko maelezo ya robo saa ya "anahema vibaya, daktari".

Hatua kwa hatua

1. Ondoa kwanza yale yanayojifanya pumu au mzio.

Kikohozi kilichozidi wiki 2, hasa kikiwa na kukonda, homa za jioni au jasho la usiku, kipimwe kifua kikuu kabla ya kitu kingine. Kipimo cha makohozi kwenye vituo vya serikali hakilipiwi. Mzee anayevimba miguu na kukosa pumzi akilala chali, huenda ni moyo. Anayekunywa vidonge vya presha aina ya captopril, enalapril au lisinopril na akapata kikohozi kikavu kisichoisha, huenda ni hivyo vidonge. Na propranolol au atenolol vinaweza kumbana kifua mwenye pumu. Usiache dawa ya presha kienyeji. Mwambie daktari aliyekuandikia aibadilishe.

2. Andika daftari, siyo riwaya.

Kila siku mistari mitatu: saa ngapi dalili zilianza, ulikuwa wapi na unafanya nini, ulitumia dawa gani na ilisaidia baada ya muda gani. Basi. Ukiandika "leo nilibanwa sana" hujaandika kitu. Andika hivi: "Saa 10 alfajiri, kikohozi na mluzi, nimelala chumba cha nyuma, jana mvua, salbutamol mipulizo 2, nafuu dakika 10."

Kwa hapa pwani, yaangalie haya kwa macho mawili:

*Kitanda.* Unyevu wa bahari ni raha ya utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaokaa kwenye magodoro, mito na mapazia. Anayepiga chafya akiamka na kupata nafuu akitoka barazani, shaka ya kwanza ni kitanda. Mto wa sufi wa tangu enzi za bibi uandike.

*Ukuta.* Madoa meusi nyuma ya kabati baada ya masika ni ukungu. Andika chumba gani.

*Mende.* Watu hucheka nikiwauliza. Kinyesi na mabaki ya mende ni chanzo kikubwa cha mzio na pumu kwenye nyumba za mijini, hasa kwa watoto. Dawa ya kupuliza nayo humbana mgonjwa, kwa hiyo andika siku mliyopuliza.

*Moshi na harufu.* Mkaa, kuni, dawa ya mbu ya kuchoma, sigara, ubani na udi. Sisemi muache kufukiza nguo, najua Ijumaa ni Ijumaa. Ninachosema ni kwamba moshi humkera mwenye pumu hata asipokuwa na mzio nao, na daktari anahitaji kujua chetezo kinawekwa chumba anacholala mtoto au uani.

*Upepo na msimu.* Andika kama ni kaskazi au kusi, jua au mvua. Ukikaa daftari msimu mzima, mpangilio huanza kujitokeza wenyewe.

*Kazi.* Mkonge, saruji, mbao, unga wa mashine ya kusaga, dawa za saluni. Swali moja linatosha: siku za mapumziko unapata nafuu? Ukijibu ndiyo, mwambie bingwa hilo kabla ya mengine yote.

3. Chakula kiandikwe peke yake, hasa samaki.

Hapa ndipo watu wa Tanga tunapojidanganya sana. Mtu amekula jodari au vibua, baada ya nusu saa uso umekuwa moto na mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Kesho anatangaza "samaki nina aleji nao", miaka kumi haonji tena. Huenda hana mzio wowote. Samaki wa jamii hiyo wakikaa juani bila barafu, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na histamini hiyo haiondoki kwa kukaangwa wala kuchemshwa. Ndiyo kemikali ileile ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, ndiyo maana dalili zinafanana.

Utatofautisha vipi? Jiulize: waliokula sahani moja nawe waliwashwa? Samaki alinunuliwa saa ngapi na kupikwa saa ngapi? Samaki huyohuyo akiwa ametoka kushushwa asubuhi pale Deep Sea, umewahi kumla bila tatizo? Mwenye mzio wa kweli hudhurika hata samaki akiwa mbichi wa saa hiyo, na hudhurika karibu kila akila. Andika majibu ya maswali hayo matatu, na bingwa atakuwa amepata nusu ya anachokitaka.

Kamba, kaa na kambakochi ni habari nyingine. Huo mara nyingi ni mzio wenyewe, na kwa watu wazima hauondoki kirahisi. Kuna protini iliyomo kwenye kamba inayofanana na ya utitiri wa vumbi na ya mende, kwa hiyo anayesumbuliwa na vumbi, kipimo chake kinaweza kusoma kana kwamba ana mzio wa kamba hata kama wali wake wa kamba anaula kwa amani. Ndiyo maana kinachotakiwa kuandikwa ni kilichotokea mdomoni na mwilini, si unachohisi kitatokea.

Onyo: usijijaribie nyumbani chakula kilichowahi kukuvimbisha ulimi au kukuzimisha. Hata kijiko kimoja. Jaribio hilo hufanyika hospitali, adrenalini ikiwa mezani.

4. Pata rufaa kwa mpangilio.

Zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, mkoa, kisha juu. Wenye bima wakiruka ngazi hukwama dirishani. Barua isomeke: dalili, muda, dawa zilizotumika na matokeo. Ikiandikwa tu "aleji, kwa uchunguzi zaidi", mwombe daktari kwa adabu aongeze mistari miwili. Kisha piga simu hospitali unayokwenda uulize mambo haya tu: kliniki hiyo ni siku gani, kipimo cha ngozi au cha kupuliza (nimevieleza hatua ya 8) kipo wiki hiyo, na bima yangu inakilipia? Wengi hufika siku isiyo ya kliniki na kulala gesti bure.

5. Dawa za kusimamisha na zisizoguswa.

Soma hatua hii mara mbili.

Kama utafanyiwa kipimo cha ngozi, dawa za aleji zinazozuia histamini zisimame takriban siku 7 kabla: cetirizine, loratadine, Piriton, promethazine na ndugu zao. Ukizimeza, ngozi itanyamaza hata mbele ya kitu unachodhurika nacho, na utaambiwa huna mzio. Kumbuka dawa nyingi za mafua na za kikohozi za maji zina dawa hizo ndani; leta chupa tukusomee. Krimu za steroidi kali na mkorogo kwenye mikono navyo huharibu majibu. Amitriptyline pia hufanya hivyo, lakini hiyo usiiache mwenyewe, mwambie daktari.

Zisizoachwa: inhela za pumu zote, montelukast, na prednisolone uliyoandikiwa. Nimeshaona mtu amesimamisha dawa zake zote "ili kipimo kisome vizuri", akaishia kwenye oksijeni. Kwa kipimo cha kupuliza unaweza kuombwa usitumie salbutamol kwa muda wa saa 4 kabla, lakini ukibanwa, itumie. Utamweleza daktari.

Na kama ukiacha vidonge vya aleji siku mbili tu unavimba mwili mzima, usijitese. Mwambie bingwa, kipimo cha damu hakiathiriwi na dawa hizo.

6. Safari.

Tanga hadi Dar ni takriban kilomita 350. Kama kliniki ni asubuhi, lala hukohuko, usitegemee basi la alfajiri kutoka Kange. Inhela ikae mfukoni. Begi la dawa likiwekwa buti chini, halitakusaidia Chalinze. Epuka kukaa jirani na dirisha linalovuta moshi wa malori.

7. Ndani ya chumba cha daktari.

Utapewa dakika chache. Anza na jambo moja linalokuumiza zaidi, siyo historia tangu utotoni. "Shikamoo daktari. Kinachonileta ni kubanwa usiku, mara tatu kwa wiki, tangu masika." Kisha fungua daftari, fungua picha, mwaga mfuko wa dawa mezani. Bi mkubwa anayemleta mjukuu aje na mtu anayelala chumba kimoja na mtoto, maana ndiye anayejua usiku kunakuwaje.

Atakuuliza kuhusu pumu na mzio katika familia, nani anavuta sigara, mnapika kwa nini, wanyama, kazi. Jibu kweli. Mwambie pia kama Aspirin, diclofenac au ibuprofen ziliwahi kukubana. Wapo wenye pumu ambao dawa hizo za maumivu huwazidishia vibaya.

Halafu omba hivi: "Naomba uniangalie ninavyotumia inhela." Hakuna ombi lenye faida kuliko hilo. Wengi wanaosema dawa haifanyi kazi, dawa inaishia ulimini.

8. Vipimo, kwa kifupi.

*Kupuliza.* Unavuta pumzi yote, unapuliza kwa nguvu mpaka uishiwe, unarudia. Kisha unapewa salbutamol, unasubiri dakika 10 hadi 15, unapuliza tena. Kwa mtu mzima, kiasi cha hewa kikipanda kwa asilimia 12 na mililita 200 au zaidi, hiyo ni dalili nzuri ya pumu. Mtoto chini ya miaka 5 au 6 mara nyingi hakiwezi.

*Ngozi ya mkono.* Matone yanawekwa kwenye mkono, kila tone linachomwa kidogo juujuu, damu haitoki. Majibu baada ya dakika 15 hadi 20. Uvimbe wa milimita 3 au zaidi kupita lile tone la maji ya chumvi unahesabiwa chanya. Unawasha, usikune.

*Damu.* Hupima kingamwili ya IgE dhidi ya kitu mahsusi.

*Plasta mgongoni.* Hiki ni cha ngozi inayochubuka kwa vitu unavyogusa. Plasta hukaa saa 48, zinasomwa zikitolewa na tena baadaye kidogo, mara nyingi saa 96, kwa hiyo panga malazi. Mabibi harusi wetu wakijue. Piko nyeusi inayopakwa mikononi huwa na kemikali ya rangi ya nywele iitwayo PPD, na inaweza kumtoa mtu malengelenge ya mchoro uleule wa ua alilochorwa. Aliyepatwa na hilo asipake tena piko wala rangi nyeusi ya nywele. Hina halisi, ile ya majani, ni kitu tofauti.

Chanya kwenye ngozi au damu maana yake mwili umekitambua kitu hicho. Haimaanishi kinakuumiza. Kinachounganisha hivyo viwili ni daftari lako.

9. Usitoke bila karatasi ya mpango.

Dawa ipi kila siku, ipi ya kubanwa tu, nifanye nini nikizidiwa, na nirudi lini. Viandikwe kwa Kiswahili au kwa maneno unayoyaelewa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema watu wazima na vijana kuanzia miaka 12 wasitibiwe kwa salbutamol pekee. Lazima kuwe na inhela ya steroidi, kwa sababu salbutamol hufungua njia tu, uvimbe wa ndani unabaki. Ukiandikiwa ya bluu, yaani salbutamol, peke yake, uliza kwa heshima: "Na ile ya kutuliza uvimbe?"

10. Nyumbani: inhela na chupa.

Tikisa. Toa pumzi yote. Weka mdomoni, ubane midomo. Bonyeza mara moja huku ukianza kuvuta taratibu, kisha shikilia pumzi hadi hesabu ya 10. Subiri nusu dakika hadi dakika moja, rudia kama uliandikiwa miwili. Baada ya ile ya steroidi sukutua na uteme, la sivyo utapata utando mweupe mdomoni.

Chemba ikikushinda bei, tengeneza. Chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, safi na kavu. Pasha waya, toboa kitako cha chupa tundu la umbo la mdomo wa inhela, liwe la kubana. Ingiza inhela, ziba pembeni kwa gundi au plasta hewa isipenye. Mdomo wa chupa ndio unaoingia kinywani. Bonyeza mara moja, vuta na kutoa pumzi mara 5 au 6. Hili si la kubahatisha: Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 kwamba chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na chemba ya dukani. Mtoto mdogo asiyeweza kubana midomo anahitaji chemba yenye kinyago.

Inhela nyingi zina mipulizo 200. Kama haina kihesabio, andika kwa kalamu tarehe uliyoanza. Kuitumbukiza majini uone kama inaelea hakukwambii kitu.

Ikikwama

*Kipimo cha ngozi hakipo.* Tiba ya pua na pumu inaanza bila hicho. Usiahirishe inhela miezi sita ukisubiri kipimo.

*Jumla ya IgE imesoma juu sana.* Uliza kuhusu minyoo. Minyoo hupandisha IgE, na huku kwetu ni jambo la kawaida. Namba kubwa peke yake si hukumu ya mzio.

*Karatasi ina vyakula ishirini vya kuacha.* Hasa kama mtoto ameanza kukonda, rudi kwa daktari uulize kipi kinalingana na daftari. Vipimo vya vyakula vinavyotumia IgG, kingamwili ya aina nyingine, havitambui mzio, usivinunue.

*Nimeambiwa niepuke vumbi, naishi Tanga.* Huwezi kufagia jiji zima. Anza na kitanda: mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 zikiwezekana, mto wa sufi utoke, godoro livikwe mfuko unaofungwa, chumba kifagiliwe kwa kitambaa kibichi mgonjwa akiwa nje. Chakula kifunikwe usiku na nyufa zizibwe, mende watapungua.

*Kuna mtu anadunga sindano ya aleji, unapona miezi miwili.* Mara nyingi ni steroidi ya muda mrefu. Nafuu ni ya kweli, na madhara pia: sukari, presha, mifupa, kinga kushuka. Kama ulishadungwa, mwambie bingwa jina la dawa na tarehe.

*Bingwa ametaja chanjo za kuzoesha mwili.* Zipo, zinachukua miaka 3 hadi 5, na unakaa kliniki dakika 30 baada ya kila sindano. Kwa anayeishi Tanga na kliniki iko Dar, piga hesabu ya nauli kwanza. Mwenye pumu isiyotulia haanzishiwi.

*Kadi yangu imeandikwa nina mzio wa penisilini tangu utotoni.* Wengi wenye maandishi hayo, karibu 9 kati ya 10, wakipimwa hukutwa hawana. Usijaribu mwenyewe, lakini omba lichunguzwe, maana huenda unanunua antibayotiki ghali bila sababu.

*Natumia inhela ya kahawia, ile ya steroidi, wiki moja, sioni tofauti.* Ndivyo ilivyo, hiyo haifungui kifua papo hapo. Ipe wiki kadhaa, kila siku, asubuhi na jioni kama ulivyoandikiwa. Kama baada ya hapo bado unaamka usiku, njoo na inhela tukuangalie unavyovuta kabla hujaomba dawa kubwa zaidi.

*Sasa niko sawa, niache?* Ukikaa miezi 3 bila kubanwa usiku, rudi kwa daktari apunguze dozi ngazi kwa ngazi. Usipunguze mwenyewe katikati ya masika wala wiki ya kusafiri, na inhela ya dharura ibaki ndani, ikaguliwe tarehe ya mwisho wa matumizi.